Baragumu Lisilokubali Kunyooshwa

Ukitaka kumuudhi Bi Blažena Kroupová, mwambie anapiga vizuri kama Wajerumani. Kuna mwandishi wa gazeti aliyewahi kumsifu hivyo, akidhani anamvisha kilemba, na mpaka leo wakikaribia kukutana njiani mmoja wao huvuka barabara. Anayevuka ni mwandishi.

Blažena alikuwa mpiga baragumu wa kwanza wa Okestra ya Javornice, mji wetu. Baragumu lenyewe si la pembe ya ng'ombe. Ni lile la shaba lililojikunja kama konokono, ambalo mpigaji huingiza mkono ndani ya mdomo wake mpana kana kwamba anatafuta funguo zilizodondokea humo. Nchi nyingi hufundisha watoto kuitoa sauti ya chombo hiki ikiwa imenyooka, bila kukunjana popote. Sisi hapana. Kwetu baragumu hutetema. Hutetema kidogo tu, kama sauti ya mtu anayeimba akiwa na jambo moyoni, na aliyekulia kwetu haoni ajabu yoyote.

Mtetemo wake Blažena aliutoa jikoni. Baba yake alikuwa seremala mwenye bendi ya kijiji, ile ya kupiga harusini Jumamosi na mazikoni siku yoyote mtu atakapoamua kufa. Alimpa binti yake baragumu kuukuu lililobonyea, akamwambia akakae karibu na bibi yake, asikilize anavyoimba, aige. Hilo ndilo lililokuwa somo zima. Bibi alikuwa na mazoea ya kuimba akikanda unga wa mkate, na kila ngumi iliposhuka kwenye unga, sauti nayo ilitikisika. Mtoto aliiga wimbo, akaiga na unga.

Alipoingia okestrani alikuwa msichana mwembamba kati ya wanaume wenye sharubu, na wanaume wale walimpa miezi michache tu kabla hajakimbilia kuolewa. Aliolewa kweli, na mchoraji ramani mpole ambaye sasa ni marehemu, lakini hakukimbia. Alipanda kutoka kiti cha nne hadi cha kwanza, na wenye sharubu wakabaki wakimshika mkono na kumpongeza huku nyuso zimewavimba.

Enzi zile za chama cha kikomunisti, okestra ilipelekwa kupiga nchi za Magharibi. Walisafiri kwa basi, na kila safari waliongozana na mabwana wawili waliovaa makoti ya ngozi ambao hawakupiga chombo chochote. Huko, gazeti moja likaandika kwamba mabaragumu ya Javornice yanalia kama walevi wanaorudi nyumbani. Blažena alilikata, akaliwekea fremu, akalitundika chooni kwake. Lakini gazeti lingine liliandika kwamba okestra hii unaweza kuijua hata ukiwa umefumba macho, ukiwa chumba cha pili, mlango umefungwa. Hilo hakulitundika popote. Alilijua kwa moyo.

Hiyo ndiyo sifa yetu, na hatukuiomba kwa mtu. Mtu akifungua redio muziki ukiwa katikati, kabla mtangazaji hajafungua kinywa, anajua hawa ni Javornice. Kuna okestra kubwa kuliko yetu, zenye kumbi za dhahabu na wapigaji wanaotembea na makatibu wao, na ukizisikia redioni hujui kama uko nchi hii au ile.

Kisha mambo yakageuka. Chama kikaanguka, mipaka ikafunguka, na kwa ghafla kila kilicho chetu kikawa cha kizamani na cha kuonea aibu: maziwa yetu, magari yetu, madirisha yetu. Ilikuwa lazima ifike zamu ya sauti.

Aliyekuja nayo ni kiongozi mpya wa okestra, Kryštof Vondrák. Wazazi wake walikimbilia Uswisi akiwa bado tumboni, akakulia huko, akarudi na lugha yetu kama alivyoipata kwa nyanya yake, kwa hiyo hata akikasirika alizungumza kama bibi kizee wa kanisani. Hakuwa mtu mbaya. Alifika mapema kuliko wote, hakuwa na wapambe, na alijua muziki. Ila alikuwa na jambo moja ambalo Mzee Tůma, bawabu wa ukumbi, hakumsamehe: aliingia na viatu.

Kwetu hakuna anayeingia ndani na viatu vya nje. Si nyumbani, si shuleni, na si katika ukumbi wa Javornice, ambao sakafu yake ya mbao Mzee Tůma aliipaka nta kwa mikono yake akiwa amepiga magoti. Mlangoni pana rafu. Unaacha buti zako, unavaa sapatu zako za sufu, unapanda kwenda mazoezini. Okestra nzima, wenye fidla na wenye tarumbeta, hufanya mazoezi ikiwa imevaa sapatu kama wagonjwa wa hospitali. Kryštof aliwapita na viatu vyake vyeusi vyenye kisigino, ko-ko-ko mpaka jukwaani, na Mzee Tůma akamfuata nyuma na tambara.

Majira ya vuli kampuni moja ya kigeni ya kurekodi muziki ilituma mtu wake kuisikiliza okestra. Ikiridhika, ingerekodi nao miaka na miaka. Hilo halikuwa jambo dogo, maana halmashauri ya mji ilikwisha sema haitaweza kuubeba mzigo wa okestra peke yake siku zote. Mgeni yule alikaa, akasikiliza, akasifu fidla, akasifu mazumari. Halafu akasema mabaragumu hapana. Wanunuzi wakisikia mtetemo huo watadhani mashine zao zimeharibika.

Basi Kryštof akaamuru mabaragumu yanyooshwe. Watatu walinyoosha, walikuwa vijana, wana watoto, na tusiwalaumu. Blažena alipiga kama alivyopiga siku zote. Kryštof alisimamisha okestra, akamwomba. Wakaanza upya, akapiga vilevile. Akasimamisha tena.

"Bi Blažena, nilikuomba upige bila mtetemo."

"Nimesikia."

"Sasa mbona unatetemesha?"

"Kusikia nimesikia. Kukubali ndiko bado."

Safu ya fidla za pili ilicheka chinichini. Kryštof akaiva masikio. Hakufoka, maana hakuwa mfokaji, lakini wiki iliyofuata alitangaza kwamba kiti cha baragumu la kwanza kiko wazi, na kutakuwa na mchujo wa nchi nzima, Blažena akiwa na haki ya kushiriki kama mtu mwingine yeyote. Kila mmoja atapiga nyuma ya pazia. Hakuna majina, kila mtu na namba yake. Watakaopiga kura ni viongozi wa safu za okestra, na yeye Kryštof atakuwa na kura moja kama wenzake. Atakayepata kura nyingi ndiye, na matokeo hayatajadiliwa tena. Alisema hataki kujua ni nani aliye nyuma ya pazia. Anataka kujua anapigaje.

Wengi waliona ni haki tupu. Blažena aliona ni tusi lililovaa suti.

Vincenc, kiongozi wa mazumari na rafiki yake wa tangu ujana, alimwendea nyumbani na chupa ya gongo la plamu alilopika shemeji yake. Alikuwa mmoja wa wapiga kura. Akakaa, akanywa, akazunguka mbuyu mrefu kuhusu hali ya hewa na magoti yake, mwisho akalitoa lililomleta. Anyooshe siku moja tu. Akishakipata kiti, arudie upotovu wake, nani atamfukuza?

"Wewe ulipomwoa Božka," Blažena akamwambia, "ulimdanganya siku ya harusi tu, halafu ukaendelea na ukweli?"

"Rafiki yangu, mimi sina mchezo. Nakuombea kiti chako."

"Kiti changu nimekikalia. Siombi kazi ambayo ninayo. Siendi."

"Hutakwenda kabisa?"

"Siku hiyo nitakula supu."

Vincenc aliondoka akitikisa kichwa, na njiani akawaambia wenzake kwamba bibi huyu maneno mengi, lakini siku ikifika atakuja. Nani anakubali kupokonywa kiti chake akiwa amekaa tu? Wote wakakubaliana kwamba atakuja.

Ukweli ni kwamba Blažena aliogopa. Mume hayupo, binti yake yuko mbali na ana maisha yake, na mji huu ulimjua kama baragumu kabla ya kumjua kama mtu. Bila okestra angekuwa nani? Mama mmoja tu mwenye koti la kijivu anayesubiri mkate kwenye foleni. Siku moja mchana, akiwa peke yake, alifunga dirisha, akajaribu. Akanyoosha. Sauti ikatoka safi, imenyooka, nzuri kweli, maana mkono wake ulikuwa mkono wa kazi na angeweza kupiga vyovyote alivyotaka. Alisikiliza mpaka mwisho. Haikuwa na mtu ndani. Akafuta sehemu ya kupulizia kwa kitambaa, akaifuta tena, kama mtu aliyenywea kikombe cha asiyemjua, na hakujaribu siku nyingine.

Siku ya mchujo ilikuwa Alhamisi, siku ya supu ya viazi na uyoga, na theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri. Blažena alikuja na baragumu lake begani, kwa sababu hakuliacha nyumbani hata alipokwenda kununua sabuni. Akavua buti zake mlangoni, zile za kahawia zenye kamba nyekundu ambazo mji mzima unazijua, akaziweka kwenye rafu, akavaa sapatu zake. Mzee Tůma akatabasamu.

"Nilijua utakuja, Bi Blažena."

"Nimekuja kula, Mzee Tůma. Leo si Alhamisi?"

Mzee alimkonyeza. Wapiga kura nao walipopita mmoja mmoja wakaziona buti kwenye rafu, wakatazamana, wakapanda juu wakiwa wamepumua. Hawakujua kwamba Blažena hakupanda. Alishuka kantini.

Kantini iko chini kabisa ya ukumbi, na sakafu ya juu ni ya mbao, kwa hiyo mtu anayekunywa supu pale husikia mazoezi yote kama yuko ndani ya tumbo la fidla. Mpishi ni Hedvika, mwanamke mnene asiye na subira, aliyejua simfonia kwa kuzipima na vyakula: ile ya viazi, ile ya maharage. Alimpakulia Blažena sahani iliyojaa, akakata mkate mweusi, akaketi mbele yake amekunja mikono ili asipitwe na jambo.

Namba moja ikapiga. Imenyooka. Hedvika akasema huyu mvulana amekula vizuri nyumbani kwao. Namba mbili, imenyooka. Namba tatu ilinyooka sana kiasi kwamba Hedvika aliinuka kutazama kama jiko linapiga mluzi. Blažena alikula, akaomba chumvi. Waliokuwa wakipiga juu walikuwa hodari, alilikiri hilo moyoni mwake, na alimwonea kila mmoja wao huruma na hasira kwa pamoja.

Kisha namba nne ikaanza.

Kijiko cha Blažena kikabaki hewani. Sauti iliyoshuka kupitia mbao ilikuwa ikitetema. Si kwa kuogopa. Mtetemo wa woga kila mtu anaujua, huwa mkavu na wa haraka. Huu ulikuwa wa pole, mpana, wenye uzito, kana kwamba bibi wa mpigaji huyu alikuwa akikanda unga mzito zaidi. Hedvika akamtazama Blažena, akatazama dari, akamtazama tena.

"Wewe si uko hapa?"

"Niko hapa."

"Sasa yule juu ni nani?"

"Sijui," Blažena akasema, na sauti yake yeye ndiyo iliyotetema. "Wallahi sijui."

Machozi yakamtoka. Hakuyaficha, akachukua kitambaa cha meza cha Hedvika, akajipangusa nacho, akaendelea kusikiliza. Hedvika alimwacha kidogo, halafu akili ikamzunguka na akaruka kitini kama aliyemwagikiwa na maji ya moto. Alikuwa amekumbuka wapiga kura. Wale watu wameziona buti mlangoni, na tangu mabaragumu yaamriwe kunyooka hawajasikia mtetemo ila kwa mtu mmoja. Watadhani ni Blažena. Watamchagua huyo huyo, na kiti kitakwenda kwa mtu baki. Akamshika mkono kumvuta. Apande sasa hivi, mlango bado uko wazi, katibu bado anaita namba, aseme na yeye anataka kupiga.

Blažena hakuinuka. Alijua kwamba Hedvika hakukosea hata kidogo. Angepanda zile ngazi, angechukua namba ya mwisho, angepiga dakika chache, na kabla ya jioni kiti kingekuwa chake tena, na Kryštof angemeza kanuni yake mwenyewe. Aliutamani ushindi huo.

"Panda, Blažena. Utalala na njaa ya kiti chako mwenyewe?"

"Nikipanda watanichagua mimi," Blažena akasema. "Nikikaa, wataichagua sauti."

"Sauti inakulipia makaa?"

"Niongezee supu, Hedvika."

Hedvika alimwongezea, kwa hasira, nusu ikamwagika mezani. Juu zikapita namba nyingine, zote zimenyooka, halafu kukawa kimya kirefu cha watu wanaoandika na kukunja karatasi. Iliuma. Asije mtu akasema haikuuma. Kila kijiko alichokimeza kilishuka kama jiwe, lakini alikimeza, na sahani ikaisha.

Wa kwanza kushuka alikuwa Vincenc. Mzee mzima na magoti yake alishuka ngazi mbilimbili, chupa mkononi, akipiga kelele tangu juu kwamba wamempitisha, kwamba yule wa Uswisi amepiga kura yake peke yake na amebaki nayo kama chenji mbovu. Akafika mlangoni. Akamwona Blažena mbele ya sahani tupu, mkate umebaki ukoko, baragumu limo ndani ya mfuko wake na mfuko umefungwa.

"Umefikaje huku kabla yangu?" akauliza.

"Sikuondoka huku."

Vincenc alihesabu kichwani, na hesabu ilipokamilika akakaa chini kwenye kiti cha kwanza alichokipata. Alisema wamemtoa wao wenyewe. Kwa mikono yao, kwa kumpenda, wamemtoa. Alikuwa analia kama mtoto, na chupa ameikumbatia tumboni.

"Mmenitoa kwa sauti yangu," Blažena akamwambia. "Mngenitoa kwa ile nyingine nisingekusamehe. Acha kulia, mimina."

Nyuma ya Vincenc akashuka Kryštof, na nyuma ya Kryštof msichana mrefu mwenye mabega ya mwogeleaji, baragumu kifuani, miguuni amevaa soksi tu. Mzee Tůma alikuwa amemvua viatu mlangoni, naye hakujua kama mahali hapa mtu anakuja na sapatu zake. Jina lake Apolena, alitoka kusini kwenye mashamba ya zabibu, na alikuwa ametoka chuoni mwaka huo huo. Alitazama nyuso zao bila kuelewa ni kwa nini ushindi wake umeleta msiba.

Kryštof aliona haraka, maana alikuwa na akili. Akasema, kwa lugha yake ile ya nyanya, kwamba kumbe wapiga kura walimchagua mtu ambaye hakuwapo, na mchujo wa namna hiyo si mchujo, utarudiwa.

"Pazia lilikuwa la nani?" Blažena akauliza.

"Langu," Kryštof akasema.

"Ulisema hutaki kujua ni nani, unataka kujua anapigaje. Wamesikia anavyopiga, wamemchagua. Sasa umeshamjua ni nani ndiyo unataka kubadilisha? Kanuni ni yako, bwana mdogo. Kaa nayo."

Kryštof aliifikiria kanuni yake, na tumpe haki yake, alikuwa mtu wa kushika neno hata likimchoma. Akainamisha kichwa. Halafu akamgeukia msichana, akamuuliza kwa upole kama anaweza kupiga bila mtetemo.

"Naweza," Apolena akajibu. "Chuoni walinilazimisha mwaka mzima."

"Basi hakuna tatizo."

"Lipo. Nilikuja hapa kwa sababu nilisikia hapa hamlazimishi."

Hedvika aliacha kufuta meza. Msichana alikuwa mwekundu mpaka shingoni, lakini hakuteremsha macho, na aliendelea, sasa kwa sauti ndogo, kwamba kwao wote wanapiga hivi, baba yake, wajomba zake, na walikuwa wakikaa jikoni na redio, na Javornice ikianza wote walijua kabla ya kuambiwa. Alikuwa amekataa nafasi katika okestra ya mji mkubwa ili aje huku. Kryštof alimsikiliza mtu aliyekuja kutoka mbali kuifuata sifa ambayo yeye alikuwa akiifuta kwa raba, na masikio yakamwiva kuliko siku ile ya mazoezi.

Tuseme hapa hapa tusije tukasahau: ile kampuni ya kigeni haikurudi. Mwaka ule okestra ilikaza mkanda, ikapiga kwenye vituo vya maji ya tiba na kwenye sherehe za zimamoto, na halmashauri ilinung'unika kikao hata kikao. Javornice wapo mpaka leo. Ukifungua redio utawajua.

Blažena alisimama. Akavua sapatu zake, akainama, akaziweka mbele ya miguu ya yule msichana.

"Vaa. Sakafu ya huko juu ni ya baridi."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nina buti."

Alipanda hadi mlangoni akiwa na soksi, akazitoa buti kwenye rafu, zikiwa bado na maji ya theluji na mchanga wa barabarani kwenye nyayo. Akaketi kwenye kibao, akazivaa, akazifunga zile kamba nyekundu kwa mafundo mawilimawili. Mzee Tůma akamfungulia mlango wa nje. Blažena hakutoka; akageuka kushoto, akapanda, akaingia ukumbini.

Katika miaka yote aliyoijua sakafu ile hakuwahi kuikanyaga na viatu, hata siku aliyopewa habari ya kufa kwa mumewe katikati ya mazoezi. Sasa aliikanyaga. Alipita katikati kabisa, bila haraka, akiacha nyuma yake madoa ya maji na mchanga kwenye nta, mpaka kwenye kiti cha baragumu la kwanza. Mzee Tůma alikuwa amesimama kizingitini na tambara lake. Aliinama kwa mazoea, akainuka, kisha akalitia tambara mfukoni.

Blažena hakukaa. Alisimama kando ya kiti, akalitoa baragumu, akapiga kile kipande ambacho Kryštof alikisimamisha mara mbili siku ile. Alikipiga kama alivyokitaka yeye, kwa kifua chote, na mtetemo wake ulikuwa mpana kuliko alivyowahi kuthubutu mbele ya watu. Viti vyote vilikuwa tupu. Akafika nusu, akashusha chombo kuvuta pumzi.

Kutoka chini ya sakafu, mwingine akaidaka ile nusu na kuimalizia.

Kryštof alikuwa kwenye ngazi wakati huo, katikati, akipanda kutoka kantini. Hedvika aliyemwona ndiye aliyetusimulia. Sauti ilikuwa ikimjia toka juu na toka chini, na yeye amesimama na mkono kwenye ukingo, hajui aende upande upi. Mwisho aliketi pale pale kwenye ngazi, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.